Mwavuli wa Rebmann na Majini ya Mlimani

Kila likizo inapokwisha huwapokea wanafunzi wachache wa Chama cha Kikristo waliokwenda kuhubiri katika vijiji vya milima yetu ya Taita. Aghalabu hurejea wameinamisha vichwa. Watu hawakuja, mvua ilivunja mkutano, mzee mmoja aliwafukuza uani kwake. Na kauli yao huwa ile ile, kwamba mlima umefungwa na mapepo. Siwacheki. Mimi ni muumini, na sikatai kwamba kazi ya Injili ina adui asiyeonekana. Lakini huwauliza kama wanamjua Johannes Rebmann, na wengi wanalijua jina hilo kwa ajili ya mtihani wa historia tu: Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Kwamba alipita hapa petu kabla ya kuiona theluji hiyo, wachache wanajua.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Ujerumani. Aliwasili Mombasa mwezi Juni 1846, akamkuta mwenzake Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na binti yake mchanga katika ardhi hiyo hiyo. Mwaka huo wakafungua kituo Rabai. Mwezi Oktoba 1847 Rebmann alivuka nyika kavu hadi Kadiaro, mlima tunaouita leo Kasigau. Taita ikawa nchi ya bara aliyoikanyaga kabla ya nyingine zote.

Alipotaka kwenda mbele zaidi, hadi Uchagani, liwali wa Mombasa alimwonya asijaribu kuupanda mlima mkubwa wa huko. Alielezwa kwamba umejaa majini, na kwamba waliothubutu kuukwea walikakamaa mikono na miguu, baruti yao ikakataa kushika moto, wakafa. Rebmann hakubishana naye. Aliondoka mwezi Aprili 1848 pamoja na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Silaha hakubeba, alichukua mwavuli. Walipita Kadiaro, wakapita Bura, na asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya kilele. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu hicho ila kwamba kilikuwa baridi. Hapo Rebmann akaelewa yale majini ni nini. Waliokufa walikuwa wamekufa kweli, na mikono iliyokakamaa ilikuwa imekakamaa kweli. Kilichowaua ni baridi kali.

Hapa ndipo ninapowasimamisha vijana wangu kidogo. Sisemi kwamba kila pepo ni baridi. Nasema tu kwamba mtu yule alitazama kwanza, kisha akataja jina la alichokiona. Pengine yule mzee aliyewafukuza alikuwa amefiwa wiki hiyo, mliuliza?

Tena kuna jambo ambalo mahubiri yetu hulisahau. Huko Machame, Rebmann alinyunyiziwa dawa ya mganga kabla ya kuruhusiwa kumwona Mangi Mamkinga, kwa kuwa mgeni huyo mweupe ndiye aliyehofiwa kuleta uchawi. Hata hapa Sagalla, mlima unaoikabili Voi, J. A. Wray aliyefungua kituo cha misheni mwaka 1883 alishukiwa kuzuia mvua njaa ilipoingia mwaka uliofuata. Ilhali wazee wa Kitaita walikuwa na ibada yao ya kutasa, ambapo mtu hupuliza kinywaji kutoka mdomoni huku akiitoa hasira moyoni mwake ili amani na mvua zirudi. Mhubiri anayepanda mlimani akiwa amekasirika kwa kutosikilizwa, wazee wa namna hiyo wangemtambua mara moja.

Safari ya tatu ya Uchagani, mwaka 1849, ndiyo iliyomvunja Rebmann. Alikusudia kufika Unyamwezi, lakini Mamkinga alimnyang'anya mali yake kidogo kidogo hadi ikaisha, naye akarudi pwani mikono mitupu, mgonjwa. Huko London mwanajiografia Desborough Cooley aliandika kwamba theluji ile ni ndoto. Wamisionari wapya walioletwa Rabai walikufa kwa homa. Krapf alitaka mlolongo wa vituo kuvuka bara zima. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na kujifunza lugha ya watu, na tofauti hiyo iliwatia uchungu wote wawili. Mimi naona upinzani huo wa ndani ulimuuma kuliko wa Mangi. Krapf aliondoka mwaka 1853, Erhardt akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki na mkewe Emma. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Wamaasai walipovamia mwaka 1857, wakakimbilia Unguja, kisha wakarudi Rabai. Mwaka 1866 Emma naye akafariki.

Na waumini? Walikuwa wachache mno, miongoni mwao Abe Gunja. Kwa hesabu ya mikutano yetu ya hadhara, ambapo walioinua mikono huhesabiwa kabla jua halijatua, mtu huyu alishindwa. Alichokifanya miaka hiyo yote ni kukaa na kuandika maneno. Mtu mmoja kutoka nchi ya Nyasa, Salimini, aliyeletwa pwani kama mtumwa, alimfundisha lugha ya kwao, na Rebmann akaiandikia kamusi, lugha ya nchi ambayo hakuwahi kuifikia.

Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikubali kurudi kwao. Aliyemshika mkono melini na katika njia za Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ile ilichapishwa mwaka uliofuata, na Nyondo akarudi Rabai.