Jim Gray: Bingwa wa miamala aliyepotelea baharini

Msikilizaji, ukituma shilingi 20,000 kwa simu, mambo mawili yanatakiwa kutokea: salio lako lipungue, na la unayemtumia liongezeke. Sasa umeme ukikatika kwenye kompyuta za kampuni baada ya lako kupungua, na la mwenzako bado, pesa iko wapi? Swali la namna hiyo lilimshughulisha Jim Gray kwa miaka mingi.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1944. Mwaka 1969 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa wa kwanza kuipata kwenye idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hicho. Miaka ya 1970 alikuwa kwenye maabara ya IBM huko San Jose, ambako kikundi chake kilikuwa kinajenga kanzidata ya majaribio iliyoitwa System R.

Kompyuta hairekebishi rekodi moja kwa moja kwenye diski. Inachukua nakala, inaiweka kwenye kumbukumbu ya muda, inaibadilisha humo, kisha baadaye inairudisha diskini. Inafanya hivyo kwa sababu diski ni nzito. Lakini kilichomo kwenye kumbukumbu ya muda hupotea chote umeme ukizimika.

Na hata umeme ukiwepo, kuna hatari nyingine. Chukua kikundi cha kuweka na kukopa ambacho daftari lake linaonyesha shilingi 50,000. Katibu ananakili kiasi hicho pembeni, mweka hazina naye ananakili. Katibu anapokea 10,000, anarudi kuandika 60,000. Mweka hazina amepokea 5,000, anaandika 55,000 juu yake. Ilitakiwa iwe 65,000. Elfu kumi imepotea na hakuna mwizi.

Dawa yake ni kufuli: mmoja akishika rekodi, mwingine asubiri. Ila ufunge kiasi gani? Ukifunga daftari zima, foleni inakuwa ndefu. Ukifunga mstari mmoja mmoja, kompyuta inaelemewa na kazi ya kutunza kufuli. Gray na wenzake walionyesha namna ya kutumia kufuli kubwa na ndogo kwa pamoja bila kugongana.

Kwa upande wa umeme, dawa ni shajara. Kabla rekodi yenyewe haijaguswa diskini, kompyuta inaandika kwanza kwenye shajara inachotaka kubadilisha. Ikizima na kuwaka tena, inasoma shajara: muamala uliokamilika unarudishwa, ulioishia njiani unafutwa kana kwamba haukuwahi kuanza. Wazo hilo halikuwa la Gray peke yake, lakini ni yeye hasa aliyeyaunganisha haya yote na kuyaeleza yakaeleweka. Mimi nikipata ujumbe kwamba muamala umeshindikana na salio halijaguswa, namkumbuka.

Mwaka 1980 alihamia kampuni ya Tandem, iliyotengeneza kompyuta zisizotakiwa kuzima, na baadaye Microsoft. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa wataalamu wa kompyuta ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka huohuo mradi aliouongoza, TerraServer, uliweka picha za dunia zilizopigwa kutoka angani kwenye intaneti, watu wazitazame bure.

Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua yake ya tanga, Tenacious, kwenda visiwa vya Farallon kumwaga baharini majivu ya mama yake. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hakurudi. Walinzi wa pwani walitafuta siku kadhaa, hawakuona hata kipande cha ubao. Marafiki zake wakaomba picha za setilaiti za eneo lile, na maelfu ya watu wakajitolea kuzikagua moja moja kwenye kompyuta zao.

Familia ilikuwa bado inatafuta, hadi chini ya bahari, wakati M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi mwaka huohuo.

Mwaka 2012 mahakama ilitamka kwamba Gray amefariki. Mashua haijapatikana.