Koitalel arap Samoei na vita vya bolti za reli

Ukitoka Nakuru kwa matatu kuelekea Eldoret, ukishapita Salgaa utaona malori yakipanda polepole hadi Sachangwan, injini zikilalama. Sasa fikiria kulipandisha garimoshi la mvuke kwenye milima hiyo ya Mau. Reli ya Kisumu inapitia Njoro, Elburgon na Molo, na inafika Mau Summit ikiwa zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo inateremka hadi Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni, pembezoni mwa nchi ya Wanandi. Huko ndiko alikokuwa Koitalel arap Samoei.

Alizaliwa takribani mwaka wa 1860. Babake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa mambo ya kiroho ambaye wapiganaji walimwendea kabla ya kwenda vitani. Si mfalme, jinsi wengine wanavyodhani. Maafa yalipoiandama jamii, watu wake wenyewe walimlaumu Kimnyole na kumuua, karibu mwaka wa 1890. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri ujio wa nyoka wa chuma atemaye moshi, atakayetoka kwenye maji ya mashariki kuja kunywa ziwa la magharibi.

Koitalel alivutana na nduguye Kipchomber kuhusu nani arithi nafasi hiyo. Kufikia 1895 alikuwa ameshinda, naye Kipchomber akaenda zake kwa Wakipsigis. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Mombasa.

Hebu tuitazame reli yenyewe, maana vita vyote vilizunguka hapo. Chuma cha pua kinayeyushwa, kinamwagwa kuwa bonge, kisha kikiwa bado chekundu kwa moto kinapitishwa katikati ya magurudumu mazito yanayokibana mpaka kinapata umbo: kitako kipana chini, shingo nyembamba, na kichwa kinene ambapo gurudumu hupita. Yote hayo yalifanyiwa ng'ambo na kuletwa kwa meli. Kila kipande kilikuwa na urefu wa futi 30 na uzani wa kilo 225 hivi. Vilihitajika kama 200,000 kufika Kisumu, pamoja na mataruma zaidi ya milioni moja.

Kilo 225 hubebi begani ukakimbia nazo usiku. Lakini reli haikai kwa uzito wake tu. Kipande kimoja hushikanishwa na kingine kwa mabamba na bolti, nayo kwenye taruma la chuma hubanwa kwa kabari zinazogongwa kwa nyundo. Garimoshi likipita, mtikisiko unazilegeza, ndiyo maana lazima kuwe na watu wa kutembea njia nzima wakizikaza. Kabari zikikosekana, reli mbili hizo zinaachana, na gurudumu linadondoka katikati.

Wanandi walikuwa na wahunzi wao tangu zamani, na mhunzi akiona bolti haoni bolti, anaona ncha ya mkuki. Basi bolti zikawa silaha, na nyaya za simu zilizopita kando ya reli zikawa mapambo. Wanawake walivaa vizuri miaka hiyo! Serikali ya kikoloni iliuita wizi. Lakini reli ilipita bila wenyewe kuulizwa, kwa hiyo mimi silioni neno hilo likimfaa mtu wa wakati ule, tofauti na anayeng'oa chuma cha reli leo kwenda kukiuza chakavu.

Kuna wanaosema Koitalel aliisimamisha reli kwa miaka 11. Hapana. Ilifika Kisumu Desemba 1901. Alichoweza ni kuwanyima Waingereza usingizi: walituma majeshi mwaka wa 1895, 1897, 1900, 1903 na tena 1905, maana kuitandika reli ni kazi moja na kuilinda usiku na mchana ni nyingine.

Oktoba 19, 1905, Koitalel alikubali kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kuzungumzia amani. Alipigwa risasi hapo hapo, akafa pamoja na watu kadhaa aliokuja nao. Meinertzhagen alichunguzwa mara tatu na kuondolewa lawama, ila mwaka wa 1906 alihamishwa kutoka Kenya.

Wanandi walioishi karibu na reli walifukuzwa kuelekea kaskazini, mifugo yao kwa maelfu ikachukuliwa, na ardhi wakapewa walowezi. Ukipita Nandi Hills leo unaona majani chai. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka wa 1923 na hakuachiliwa hadi 1964, uhuru ukiwa umeshapatikana. Fimbo za uongozi ambazo Meinertzhagen alichukua siku ile zilikaa Uingereza miaka 100 hivi, hadi zilipopatikana kwa familia yake na kurejeshwa Kenya mwaka wa 2006.