Robert Smith, mufundi wa mbao wa Philadelphia

Leo tunawaelezea maisha ya mufundi mumoja wa zamani sana, wa wakati Marekani ilikuwa ingali chini ya mufalme wa Uingereza. Jina lake Robert Smith. Alizaliwa mwaka wa 1722 kule Dalkeith, inchi ya Skotlandi, mutoto wa mupika mikate. Alijifunza kazi ya mbao, kiisha akavuka bahari akafika Philadelphia karibu na mwaka wa 1748.

Siku zile mufundi mukubwa wa mbao njo aliyechora nyumba, akahesabu vifaa, akatafuta wafanyakazi, akasimamia mpaka paa. Smith alijulikana juu ya munara wa Christ Church, uliomalizika mwaka wa 1754, wa urefu wa meta 60 hivi. Alichora tena Nassau Hall kule Princeton, kanisa la St. Peter's, na hospitali ya Williamsburg ya wagonjwa wa akili, iliyofunguliwa mwaka wa 1773. Benjamin Franklin naye alimupa kazi ya kujenga nyumba yake.

Lakini sisi tunapenda zaidi habari ya chama chake, Carpenters' Company, kilichoanzishwa mwaka wa 1724. Kazi ikiisha, mwenye nyumba angeweza kusema: paa hii haina bei ile. Basi chama kilituma wafundi wengine wapime kila kitu, mulango, ngazi, boriti, na kila kitu kilikuwa na bei iliyokubaliwa. Tajiri hakupunguza kwa kinywa tu, na mufundi hakuongeza. Chama kilisaidia vilevile wajane na watoto wa wafundi.

Tuseme kweli, kilikuwa chama cha wakubwa wa kazi. Mufanyakazi wa mushahara hakuingia. Kitabu chao cha bei, kilichochapwa mwaka wa 1786, kilikatazwa kuonyeshwa kwa mutu wa inje. Mwenye kubeba boriti begani hakujua bei yake. Hapo hatuwasifu.

Mwaka wa 1768 Smith alichora nyumba ya chama, Carpenters' Hall, na kazi ilianza mwaka wa 1770. Septemba 1774, ingali haijamalizika vizuri, wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia juu ya magomvi yao na serikali ya Uingereza. Walikuwa na ruhusa ya kukaa katika nyumba kubwa ya serikali. Wakachagua ile ya wafundi, wakakaa humo mpaka Oktoba.

Kiisha vita ikafika. Smith alisaidia kufunga muto Delaware: masanduku makubwa ya magogo, sawa zile mbao za kushikilia udongo chini ya mugodi, yakajazwa mawe na kuzamishwa, na juu yake miti mirefu yenye ncha za chuma za kutoboa meli. Alikufa katika kazi za vita ile, Februari 1777. Miezi michache nyuma, Waingereza walikamata muji kwa njia ya inchi kavu, lakini meli zao zilizuiliwa muto mpaka Novemba. Askari wa Marekani waliokamatwa walifungwa katika gereza la Walnut Street, nalo lilichorwa na Smith.

Carpenters' Hall ingali inasimama karibu na barabara ya Chestnut, na chama kingali mwenyewe wake.