Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji

Wazee wengi wa Tabora walikwenda pwani kutafuta kazi. Kwanza walikwenda kwa miguu katika njia ya misafara, wakibeba pembe za ndovu. Baadaye walipanda treni, wakaenda Tanga kukata mkonge. Huko waliitwa manamba.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga alifanya kazi pia kijana mmoja wa Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Aliitwa Edward Saidi Tingatinga. Jina hili si la trekta. Ni jina la ukoo wake. Alizaliwa mwaka 1932.

Tingatinga aliacha mkonge, akahamia Dar es Salaam. Alitunza bustani ya Mzungu, kisha akafanya vibarua vya hapa na pale.

Mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakusomea kazi hiyo, wala hakuwa na fedha za kununua rangi za wachoraji. Alinunua rangi ya kopo, ile ya kupaka baiskeli na milango. Alikata siling bodi vipande vya mraba, sentimita 60 hivi kila upande. Kipande chote alikipaka rangi moja, akakiacha kikauke. Rangi hiyo ni nzito. Ukiharakisha, zinachanganyika, aliyewahi kupaka mlango anajua. Kisha alichora chui, tembo au ndege, kwa rangi kali zinazong'aa. Mnyama mmoja alijaza bao zima.

Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipokaa wageni wengi. Mkewe alisaidia kuuza. Wanunuzi walipoongezeka, Tingatinga aliita vijana, wengi wao ndugu zake. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah. Hapakuwa na darasa wala ada. Walijifunza kwa kumtazama na kumsaidia.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku. Polisi walidhani ni gari la wezi, wakapiga risasi. Alikufa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake wangeweza kurudi kwao kulima. Hawakurudi. Walibaki pale pale, wakachora na kufundisha wengine. Mwaka 1990 walianzisha chama cha ushirika. Leo picha za namna ile zinauzwa Unguja, Arusha na hata Ulaya. Zote huitwa Tingatinga, ingawa yeye mwenyewe hakuzigusa.