Padri Moses Coady: mkufunzi wa wavuvi aliyejenga vyama kuanzia jikoni

Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, SACCOS au chama cha msingi cha ushirika, bila shaka umewahi kuitwa kwenye mafunzo. Mkufunzi anakuja, anafundisha siku mbili au tatu, mnasaini karatasi ya mahudhurio, mnagawiwa madaftari, naye anaondoka. Miezi sita baadaye mtu akiuliza ni kitu gani kimebadilika kwenye kikundi, wengi wanatazamana.

Leo tunamwangalia mtu aliyeifanya kazi hiyo ya kufundisha vikundi karibu miaka mia moja iliyopita, katika nchi ya baridi kali iliyo mbali na sisi. Ni Padri Moses Coady wa Kanada. Alifariki mwaka 1959, lakini chuo kinachobeba jina lake kimefundisha watu wengi wa maendeleo ya jamii kutoka Afrika, wakiwemo wa Tanzania, Kenya na Uganda. Habari zake zinawafaa viongozi wa vikundi, na pia vijana wanaofikiria kuufanya ukufunzi wa jamii kuwa kazi yao ya maisha.

Mtoto wa mkulima

Moses Coady alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 katika bonde la Margaree, kwenye kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Familia yake ilikuwa kubwa na iliishi kwa kilimo. Utoto wake ulikuwa wa kazi za shamba, na shule ilipatikana pale kazi iliporuhusu.

Alisomea ualimu, akafundisha nyumbani kwao Margaree, kisha akaenda Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier katika mji mdogo wa Antigonish. Baadaye alipelekwa Roma kusomea upadri, akapadrishwa mwaka 1910 na kurudi Antigonish kufundisha.

Miaka ya mwanzo ya 1920 alisaidia kukijenga upya chama cha walimu cha jimbo lake. Walimu walikuwa wametawanyika vijijini, mishahara yao midogo, na kila mmoja akilalamika peke yake. Coady aliwaandikia barua, akawatolea jarida, akawaita kwenye mikutano. Hapo alijifunza namna ya kuwaunganisha watu wanaoishi mbalimbali.

Samaki tele, umaskini tele

Kwenye pwani ya Nova Scotia wakati huo palikuwa na samaki na kambakoche wengi, lakini wavuvi walikuwa maskini sana. Wavuvi wa Ziwa Victoria waliowahi kukopa nyavu na mafuta kwa tajiri wataelewa haraka kwa nini. Msimu ulipoanza, mfanyabiashara aliwakopesha wavuvi chumvi, nyavu na chakula. Msimu ulipoisha, yeye huyo ndiye aliyenunua samaki, na bei alipanga mwenyewe. Deni likikatwa, mvuvi alibaki mikono mitupu au na deni jipya. Juu ya hayo zilikuja meli kubwa za kampuni zinazokokota nyavu, zikawazidi nguvu wavuvi wa mashua ndogo.

Binamu yake Coady, Padri Jimmy Tompkins, ndiye aliyeanza kupiga kelele kwamba chuo kikuu kiache kuwafundisha wachache tu na kiwafuate wananchi walipo. Mwaka 1921 alisaidia kuanzisha mafunzo ya wiki chache hapo chuoni kwa watu wa kawaida, wakulima kwa wavuvi, bila kuwadai vyeti vya shule. Baadaye alihamishiwa parokia ya Canso, kijiji cha wavuvi, akauona ufukara kwa macho yake.

Tarehe 1 Julai 1927, Kanada ilipokuwa ikisherehekea miaka 60 ya taifa, wavuvi wa Canso walikusanyika na kusema kwamba wao hawana cha kusherehekea. Habari zikafika mbali. Serikali iliunda tume ya kuchunguza hali ya uvuvi, na Coady alikuwa miongoni mwa waliotoa maelezo mbele yake. Alieleza kwamba wavuvi wanahitaji elimu na vyama vyao wenyewe. Tume nayo ilipendekeza wavuvi wajiunge katika ushirika.

Mwaka 1928 chuo cha Antigonish kiliunda idara ya kuipeleka elimu vijijini, na Coady akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kabla idara haijaanza kazi, serikali ilimwomba azunguke pwani kuwaunganisha wavuvi. Alipita kijiji kwa kijiji, msimu wa theluji ukiwemo, na mwezi Juni 1930 wajumbe wa wavuvi walikutana mjini Halifax wakaunda umoja wao wa majimbo ya pwani.

Mkutano mmoja, kisha jikoni

Kazi ya Coady kijijini ilikwenda kwa hatua. Kwanza uliitishwa mkutano wa watu wote. Hapo alizungumza kwa nguvu, maana alikuwa mtu wa umbo kubwa na sauti kubwa. Aliwaambia waziwazi kwamba umaskini wao una sababu zinazoweza kuchunguzwa, na kwamba wao wenyewe wanaweza kuzichunguza. Alikuwa akizungumza na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, kwa sababu bei mbaya ya samaki haikuuliza dini ya mtu.

Baada ya mkutano, watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya majirani, mara nyingi chini ya watu kumi. Vilikutana kila wiki majumbani, kwa kawaida jikoni, mahali penye moto. Kila kikundi kilichagua kiongozi wake. Idara ilituma vijitabu na karatasi za kusoma. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake, kisha wote wakajadili.

Mada zilitoka kwenye maisha yao. Samaki wetu akitoka hapa anakwenda wapi? Anauzwa kwa bei gani huko? Kati yetu na mlaji wako watu wangapi, na kila mmoja anachukua kiasi gani? Tukitaka kusindika wenyewe, tunahitaji fedha kiasi gani, na tutazipata wapi? Baada ya muda vikundi vyote vya eneo vilikutana na kulinganisha majibu, kisha wanachama wakaamua la kufanya.

Kwa Coady, kikundi kilichojifunza bila kufikia uamuzi kilikuwa hakijamaliza kazi. Kilichokimbilia mradi kabla ya kujifunza kilikuwa hatarini kuupoteza mradi huo.

Mfano mmoja ni kijiji cha Little Dover karibu na Canso, ambako Padri Tompkins alikuwa akifanya kazi. Wavuvi wake maskini walikata miti wenyewe, wakakopa fedha kidogo, wakajenga kwa mikono yao kiwanda cha kusindika kambakoche kwenye makopo. Mfano mwingine ni wachimba makaa ya mawe wa Reserve Mines. Walijifunza habari za nyumba kwa muda mrefu, wakachora na kupiga hesabu, hadi mwaka 1938 wakajenga kwa ushirika nyumba zao 11 za kwanza.

Akiba kwanza

Coady alitaka pia kila eneo liwe na chama chake cha kuweka na kukopa. Sheria ya kuviruhusu ilipitishwa Nova Scotia mwaka 1932, kwa msaada wa mtaalamu wa vyama hivyo kutoka Marekani. Wanachama walianza kwa senti. Faida ya kwanza ilikuwa ni kujifunza: mvuvi aliyekuwa hajawahi kushika daftari la fedha sasa alikuwa mweka hazina, na mwenzake alikaa kwenye kamati ya mikopo akipima nani akopeshwe na kwa sababu gani.

Katika mwaka wa kwanza wa kazi palikuwa na vikundi vya kujifunza 173. Kufikia mwaka 1938 vilikuwa vimezidi 1,000, vyenye wanachama wapatao 10,000. Mwaka 1939 Coady alitoa kitabu kuhusu kazi hiyo, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa mabwana wa hatima yao wenyewe. Wageni wakaanza kufika Antigonish kutoka nchi nyingi kuja kujionea.

Mkufunzi anayefundisha wakufunzi

Vijana wanaoitamani kazi hii waitazame timu yake. Coady alikuwa hodari wa kuwaamsha watu, lakini mipango na ufuatiliaji vilihitaji mtu wa aina nyingine. Msaidizi wake A.B. MacDonald, aliyekuwa na uzoefu wa kufanya kazi na wakulima, ndiye aliyejulikana kwa kuyapanga mambo yakatekelezeka. Masista wa Shirika la Mtakatifu Martha na wanawake wengine walisimamia maktaba, waliandaa masomo, walijibu barua na kuendesha kazi za akina mama vijijini.

Kuanzia 1933 chuo kiliandaa pia kozi fupi kwa wavuvi, wakulima na wachimba makaa waliochaguliwa kuwa viongozi. Walijifunza kuendesha mkutano, kutunza hesabu na kuongoza mjadala, wakarudi kufundisha wenzao. Bila hao, watumishi wachache wa idara wasingeweza kuvifikia vikundi zaidi ya elfu moja.

Mwaka 1943 kikaongezwa chombo tunachokifahamu vizuri sisi wa hapa: redio. Kituo cha CJFX kilianza kurusha matangazo Antigonish, na masomo ya wananchi yakapita hewani. Majirani walikusanyika kusikiliza, kisha wakajadili.

Mambo yaliyoyumba

Kazi hii ilikuwa na kasoro zake. Kufuatia Vita vya Pili vya Dunia, vikundi vya kujifunza vilipungua. Watu walikuwa tayari wana duka la ushirika na chama cha akiba, wakaona masomo ya jikoni hayana haja tena. Mambo waliachiwa mameneja. Wanachama wapya waliingia dukani kununua kama wateja wa duka lolote, bila kujua kwa nini lilianzishwa. Baadhi ya vyama vilikufa, vingine vikashindwa kushindana na kampuni kubwa.

Waliochunguza historia hii wameonyesha pia kwamba kwingine shughuli zilimtegemea mno padri wa parokia, na kwamba wanawake walibeba kazi nyingi huku nafasi za juu zikishikwa na wanaume. Vyama vilivyodumu vipo, na vya kuweka na kukopa vilienea sana, lakini Coady aliishi kuona kwamba ari ya watu hupoa kama elimu haiendelei.

Mwisho wa safari

Afya yake ilipodhoofika aliacha ukurugenzi mwaka 1952. Aliendelea kuandika na kuzungumza hadi alipofariki Antigonish tarehe 28 Julai 1959, akiwa na miaka 77. Mwaka huohuo chuo chake kilianzisha taasisi ya kimataifa ya kufundisha viongozi na wakufunzi wa vikundi kutoka nchi zinazoendelea, ikapewa jina lake.

Kikundi chako kifanye nini?

Hapa kwetu kazi aliyoifanya Coady inafanywa na maafisa maendeleo ya jamii, maafisa ushirika, wawezeshaji wa mashirika na wakufunzi wa ngazi ya jamii. Anayetaka kuisomea anaweza kupitia vyuo kama Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi au Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Cheti kinasaidia kupata ajira. Wanachama nao watakupima kwa kuangalia wanachoweza kufanya baada ya wewe kuondoka.

Kwa hiyo mkialikwa mafunzo mengine, kaeni na mkufunzi wenu mapema mjiulize maswali haya manne:

1. Ni tatizo gani letu tunataka kulielewa, na nani amelitaja: sisi au aliyetualika?

2. Mafunzo yakiisha tutaamua jambo gani, na kufikia tarehe gani?

3. Nani kati yetu atawafundisha wanachama ambao hawakuhudhuria?

4. Mwanachama atakayejiunga mwakani atajifunza wapi kwamba kikundi hiki ni mali yake, na daftari la fedha linasomwaje?

Swali la nne ndilo lililovisumbua vyama vya Nova Scotia baada ya mafanikio. Kama kikundi chenu kina akiba nzuri na mtu mmoja tu ndiye anayeelewa hesabu zake, wekeni mafunzo ya daftari kwenye ajenda ya kikao kijacho, na mwalimu awe mweka hazina wenu mwenyewe.