Dietrich Bonhoeffer na Mwito wa Lawi

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, imo habari fupi mno. Bwana Yesu apita njiani, amwona Lawi mwana wa Alfayo ameketi forodhani, amwita amfuate. Naye Lawi aondoka, amfuata. Basi, imekwisha. Mwinjilisti hasemi kama Lawi alikuwa amekwisha kusikia mahubiri ya Bwana, wala kama moyo wake ulikuwa umechoshwa na kazi ya kutoza ushuru, wala kama aliagana na mtu ye yote. Walimu wengi wakifika hapo darasani huona pana pengo, nao hulijaza: husema ya kuwa bila shaka Lawi alikuwa akifikiri moyoni siku nyingi, ndiyo sababu akaondoka upesi. Maneno hayo yapendeza masikioni, lakini hayamo katika Kitabu.

Alikuwako mchungaji wa Kilutheri katika nchi ya Ujerumani, jina lake Dietrich Bonhoeffer, aliyekataa kulijaza pengo hilo. Aliona ya kuwa pengo lenyewe ndilo fundisho: kati ya mwito na kutii hapana kitu cha tatu, ila Yesu mwenyewe aitaye. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi alivyolipata neno hilo, na jinsi neno hilo lilivyompata yeye.

Alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland, nao huitwa Wrocław. Alikuwa pacha pamoja na umbu lake Sabine, nao walikuwa wa sita na wa saba katika watoto wanane. Baba yao, Karl Bonhoeffer, alikuwa tabibu mkuu wa magonjwa ya akili, na mwaka 1912 jamaa yote ilihamia Berlin, maana baba aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha huko. Mama yao Paula alitoka katika ukoo wa wachungaji na wanazuoni wa dini, naye ndiye aliyewafundisha watoto kusali. Lakini nyumba ile haikuwa na desturi ya kwenda kanisani kila Jumapili. Mwaka 1918 Walter, ndugu yao mkubwa, aliuawa vitani, na mama yao alikaa muda mrefu katika huzuni kubwa. Dietrich alipotangaza, angali kijana, ya kuwa ataka kusoma elimu ya dini, ndugu zake walimcheka. Hakugeuka. Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alipewa cheo cha udaktari kwa kitabu alichoandika juu ya ushirika wa watakatifu.

Basi alikuwa msomi, naye aliweza kueleza mambo ya Mungu kuliko wazee wengi. Lakini miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alikiri katika barua ya kwamba siku zile alikuwa mwanazuoni wa dini, wala hakuwa Mkristo bado. Ungamo hilo ni zito, nalo lawapasa wote wafundishao watu Neno la Mungu. Yawezekana mtu kuyashika maneno ya Injili mkononi kama fundi ashikavyo vyombo vyake, akavijua vyote, asijenge nyumba.

Badiliko lilianza Marekani. Mwaka 1930 alikwenda New York kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Union. Masomo ya pale hayakumpendeza sana. Lakini alipata rafiki, Albert Franklin Fisher, mtu mweusi wa Marekani, aliyempeleka katika kanisa la Kibatisti la Abyssinian, huko Harlem. Huko Bonhoeffer aliwafundisha watoto shule ya Jumapili, akasikia mahubiri na nyimbo za watu waliodharauliwa katika nchi yao wenyewe, akaona ya kuwa kwao Injili si mafundisho ya chuoni, ila ni chakula. Rafiki wa pili alikuwa Jean Lasserre, Mfaransa. Mataifa yao mawili yalikuwa yamechinjana vitani miaka michache nyuma, na ndugu yake Bonhoeffer alikufa katika vita hivyo. Tena ni huyu Mfaransa aliyemwuliza kwa nini maneno ya Bwana juu ya kupenda adui, katika Hotuba ya Mlimani, yasitiiwe kama yalivyonenwa. Bonhoeffer hakupata jibu la kumtosha. Akarudi kwao na swali hilo.

Mwaka 1931 alibarikiwa kuwa mchungaji, akaanza kufundisha katika chuo kikuu cha Berlin. Pamoja na hayo alipewa darasa la kipaimara katika mtaa wa maskini, Wedding, penye vijana wakorofi sana, naye akahamia karibu nao ili wapate kumjia jioni.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler alipata utawala. Katika mwezi wa Aprili serikali mpya iliamuru watu wasinunue katika maduka ya Wayahudi, na askari wa chama wakasimama milangoni. Julie, bibi yake Bonhoeffer, mwenye umri wa miaka 90, alipita katikati yao akanunua alivyohitaji. Yeye hakuandika kitabu juu ya ufuasi, lakini twadhani mjukuu wake alimwona. Mwezi ule ule mjukuu aliandika ya kuwa yapasa kanisa kuwasaidia wote wanaoumizwa na serikali, hata wasipokuwa Wakristo, na kwamba huenda ikalipasa hata kulizuia gurudumu lenyewe linalowaseta watu. Wachungaji wengi waliogopa maneno hayo. Katika mwezi wa Agosti alikwenda Bethel, mahali walipotoka wamisionari waliohubiri Usambara na Bukoba, akasaidia kuandika ungamo la imani lililokataa mafundisho ya chama. Baadaye wengine walililegeza hata yeye mwenyewe akakataa kutia sahihi.

Alikaa kidogo London, mchungaji wa sharika mbili za Wajerumani, kisha mwaka 1935 Kanisa la Ungamo lilimwita aongoze chuo cha wachungaji vijana. Chuo kilianza Zingst, kando ya bahari, kikahamia Finkenwalde karibu na Stettin. Nyumba ilikuwa kuukuu, fedha zilitoka katika sadaka za washarika, wala mwanafunzi hakuweza kutumaini kupata kazi ya kanisa iliyotambuliwa na serikali. Kila asubuhi walikaa kimya nusu saa mbele ya mistari michache ya Biblia, ile ile juma zima. Hawakuruhusiwa kutafuta mahubiri humo, wala kufungua vitabu vya wafasiri. Wanafunzi wengi waliona taabu: mawazo yalipotea, na watu wa nje waliwacheka kwamba wamekuwa watawa. Bonhoeffer hakuiacha desturi hiyo. Alitaka wasiliulize Neno wamhubirie nini mwingine, kabla halijawauliza wao.

Mafundisho ya Finkenwalde ndiyo yaliyotoka mwaka 1937 katika kitabu chake juu ya kumfuata Yesu. Hapo twaomba msomaji akae nasi kidogo.

Jambo analolishika ni hili. Wakristo wengi wakisoma habari ya kijana tajiri aliyeamriwa kuuza vyote, huharakisha kutafuta maana ya ndani. Husema: Bwana hakutaka hasa auze mali, alitaka moyo wake usifungwe na mali, basi mimi nitakaa na mali yangu, ila moyoni nitakuwa huru. Bonhoeffer aeleza upotevu huo kwa mfano wa mtoto. Baba amwambia mtoto aende kulala. Mtoto mwenye akili nyingi afikiri: baba ameniamuru kulala kwa sababu aona nimechoka, hataki nichoke, lakini nikienda kucheza uchovu utaniondoka, basi maana ya ndani ya amri ya baba ni kwamba nikacheze. Mtoto wa namna hiyo tunajua atakachokipata kwa baba yake. Lakini mbele ya Mungu watu wazima hunena hivyo bila haya, tena kwa sauti ya ibada.

Je, alikataa kwamba maneno ya Bwana yana maana ya ndani? Hasha. Alijua ya kuwa Mtume Paulo awaagiza Wakorintho walio na mali wawe kama wasio nayo. Lakini alisema ruhusa hiyo ni ya mtu ambaye kwake ingekuwa rahisi zaidi kutii kwa wazi, kuuza na kuondoka. Aionaye ruhusa hiyo kuwa kimbilio lake, si yake. Asiyelipasua dafu hawezi kutueleza ladha ya maji yake. Petro hakujifunza imani ndani ya chombo, kisha akashuka baharini. Ilimpasa kushuka, maana nje ya chombo ndipo palipokuwa na haja ya kuamini. Vivyo hivyo wale watatu katika Luka, sura ya tisa: wa kwanza ajitolea mwenyewe pasipo kuitwa, wa pili aitwa lakini ataka kwanza kumzika baba yake, wa tatu aweka masharti kama mtu apatanaye mshahara. Kila mmoja ameweka kitu kati yake na Yesu, na kitu chenyewe ni chema. Kuzika mzazi ni wajibu, nani asiyejua?

Mlutheri akisikia hayo lazima aulize: je, huku si kurudi katika haki ya matendo? Bonhoeffer aliliona swali, akamtaja Luther mwenyewe. Luther aliacha vyote mwaka 1505 akaingia utawani. Huko Mungu alimvunja, akamwonyesha ya kuwa hata utawa ni kujitafutia haki. Akalazimika kuacha tena, safari hii akiacha utakatifu wake, arudi ulimwenguni amfuate Kristo katika kazi za kila siku. Neema ilimgharimu Luther maisha yake yote. Waliokuja nyuma walichukua fundisho la mwisho, wakaiacha njia iliyolileta, wakaifanya neema kuwa bidhaa ya bei rahisi. Sisi twaona ya kuwa hukumu hii ni ya haki, ingawa Mlutheri huisoma kwa uchungu.

Mwaka ule ule wa 1937 polisi wa siri waliifunga nyumba ya Finkenwalde, na kabla ya mwisho wa mwaka wanafunzi wake 27 wa zamani walikuwa wametiwa gerezani.

Mwaka 1939 vita vilipokaribia, rafiki walimtafutia kazi New York. Alifika mwezi wa Juni, akakosa raha mara moja. Kila siku alisoma kile kitabu kidogo cha maneno ya siku cha Wamoraviani, kijulikanacho hata katika nchi zetu, na tarehe 26 Juni alikutana na ombi la Paulo kwa Timotheo, afanye bidii kuja kabla ya majira ya baridi. Alijua ya kuwa hakuandikiwa yeye. Lakini hakuweza kuliondoa moyoni. Mwezi wa Julai alipanda meli kurudi. Aliwaandikia wenyeji wake kwamba hatakuwa na haki ya kusaidia kulijenga kanisa la Ujerumani baada ya vita, asiposhiriki taabu zake sasa.

Kisha yaja mambo ambayo si mepesi kuyaeleza. Kwa njia ya shemeji yake, Hans von Dohnanyi, aliingia katika shauri la siri la kumwondoa Hitler, hata kwa kumwua. Mtu aliyefundisha kupenda adui akawa akitumia hati za uongo, akisafiri kama mtumishi wa idara ya ujasusi ya jeshi. Idara hiyo, naye akiwamo katika shauri, iliwavusha Wayahudi 14 mpaka Uswisi mwaka 1942. Hakusema ya kuwa yeye hana hatia. Alisema ya kuwa amechukua hatia, na kwamba amwachia Mungu hukumu. Wako Wakristo wamlaumuo hata leo, na wako wamsifuo upesi mno. Sisi hatuwezi kumfungua pale alipokataa kujifungua mwenyewe.

Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943, miezi mitatu tu baada ya kuchumbiana na Maria von Wedemeyer, akafungwa Tegel. Tarehe 20 Julai 1944 jaribio la kumwua Hitler lilishindwa. Kesho yake, akijua ya kuwa sasa tumaini la kuokoka ni dogo, alimwandikia rafiki yake Eberhard Bethge barua juu ya kitabu kile cha ufuasi. Akasema ya kuwa zamani alidhani ataweza kujifunza imani kwa kujaribu kuishi maisha matakatifu; sasa aziona hatari za kitabu chake, ingawa bado asimama juu ya aliyoyaandika. Amejifunza ya kuwa mtu hana budi kuacha kabisa kujifanya kitu, awe ni mtakatifu au mwenye dhambi aliyetubu, akaishi katikati ya kazi, maswali, mafanikio na kushindwa, huku akijitupa mikononi mwa Mungu na kukesha na Kristo Gethsemane. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo alipoifikia maana ya ndani ya habari ya Lawi. Forodha ya mwisho aliyoiacha ilikuwa sura yake mwenyewe ya mfuasi mwema.

Mwezi wa Oktoba 1944 alipata nafasi ya kutoroka. Akaiacha, kwa kuwa ndugu yake Klaus amekamatwa, asiwaongezee jamaa zake mateso. Alihamishwa gereza la polisi wa siri, kisha Buchenwald, kisha kijiji cha Schönberg. Huko, Jumapili tarehe 8 Aprili 1945, wafungwa wenzake walimwomba awafanyie ibada, akaeleza maneno ya Isaya juu ya majeraha yatuponyayo, na ya Petro juu ya tumaini lililo hai. Ibada ilipokwisha waliingia watu wawili kumchukua. Alinyongwa asubuhi ya tarehe 9 Aprili katika kambi ya Flossenbürg, naye alikuwa na umri wa miaka 39. Majuma mawili baadaye askari wa Marekani waliifikia kambi.

Kwao hawakujua. Klaus na shemeji yao mwingine walikuwa wameuawa Berlin mwezi ule ule wa Aprili; Hans von Dohnanyi naye ameuawa. Wazazi walingoja habari za Dietrich mpaka tarehe 27 Julai 1945, walipofungua redio wakasikia ibada kutoka London, ikiongozwa na Askofu George Bell, naye akamtaja mtoto wao miongoni mwa waliokufa.