Graham Hyslop: Mwalimu wa walimu wa kwaya

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Maringo hadi Jericho na Buruburu, Jumapili haipiti bila kwaya kusikika. Anayesimama mbele ya waimbaji mara nyingi hakusomea muziki chuoni. Ufundi wake aliupata kwa kumtazama aliyemtangulia, na huyo naye kwa mwalimu wake wa shule. Ukiufuata mnyororo huo hadi enzi ya uhuru, mojawapo ya majina utakayokutana nayo ni Graham Hyslop.

Marehemu Hyslop alikuwa Mwingereza. Katika miaka ya 1950 alihudumu Kenya akiwa afisa wa muziki na drama, na baadaye akawa mkaguzi wa muziki katika Wizara ya Elimu. Alijifunza Kiswahili kwa bidii hata akakiandikia. Mnamo 1957 zilichapishwa tamthilia zake mbili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zinazohesabiwa miongoni mwa tamthilia za mwanzo za Kiswahili.

Kazi iliyomkabili haikuwa nyepesi. Kwaya za shule na makanisa zilizoea nyimbo za Ulaya zilizotafsiriwa, na maneno yakalazimishwa kufuata lahani ambayo haikutungiwa lugha hiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukihama, huenda maana nayo ikahama. Neno barabara likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia, kama ile ya Jogoo. Likikazwa kwenye silabi ya pili ni sawasawa. Katika lugha nyingine nyingi za Kenya shida huzidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti hubainisha maana.

Hyslop alilitambua jambo hilo mapema. Mnamo 1955 aliandika katika jarida la African Music kuhusu uteuzi wa nyimbo za tamasha barani Afrika, na katika utumishi wake alihimiza nyimbo za wenyeji zipewe nafasi katika kwaya.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1963, Kenya ilipohitaji wimbo wa taifa. Aliteuliwa katika jopo la watu watano pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani waliyoitumia ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, ambako akina mama waliitumia kuwabembeleza watoto. Jopo liliitilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, wimbo huo ulisikika bendera mpya ikipandishwa.

Mwaka uliofuata, Hyslop alitoa kitabu cha mwongozo kwa walimu wa muziki na viongozi wa kwaya, Since Singing Is So Good a Thing. Jina hilo alilitoa kwa mtunzi Mwingereza William Byrd, ambaye mnamo 1588 alitaka kila mtu ajifunze kuimba. Mnamo 1975 kilifuata kitabu chake kuhusu ala za muziki za Kenya.

Hata hivyo, urithi wake una utata. Mtindo wa kugawa kwaya katika sauti nne ulitoka Ulaya, na wimbo wa kijijini ukipangwa hivyo hupoteza sehemu ya uhuru wake, hasa pale palipozoeleka ngoma na kupokezana. Suala hilo liliwabakia Wakenya wenyewe. Omondi, mwenzake katika jopo, aliongoza tume ya rais kuhusu muziki wa taifa katika miaka ya 1980.

Kiongozi wa kwaya wa leo huko Makadara, asiye na kinanda ila masikio na mikono yake, bado hukabili lile alilokabili Hyslop. Kabla ya kuinua mkono hana budi kuyasoma maneno kwa sauti, ajue mkazo uko wapi na pumzi itakatwa wapi. Akikosea hapo, waimbaji hata wawe hodari namna gani, msikilizaji ataambulia sauti tamu zisizo na ujumbe.